Juhudi za Mwanafunzi na Mkono wa Kampuni Shuleni: Mtazamo wa Mwalimu katika Eneo la Mayoni

Utangulizi

Kila matokeo ya mitihani ya kitaifa yanapotangazwa, huzuka mjadala kuhusu chanzo cha kufaulu na kuanguka kwa wanafunzi. Wapo wanaoshikilia kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwa hivyo anayeanguka ni mvivu. Wengine hudai kwamba elimu ni fedha, na shule isiyo na mfadhili haina lake. Makala haya yananuia kueleza uhusiano wa kauli hizi mbili kwa kurejelea Mayoni, kituo cha biashara kilicho kwenye barabara ya kutoka Mumias kuelekea Bungoma, Kaunti ya Kakamega. Hoja yetu ni kwamba mkono wa kampuni huingia shuleni kupitia mfuko wa mzazi kabla ya kuingia kupitia lango la shule. Mwalimu asiyelitambua jambo hili huenda akauita uvivu kile ambacho kwa hakika ni ukosefu wa karo.

Kalenda ya miwa na kalenda ya shule

Kampuni ya Sukari ya Mumias iliundwa mwaka 1971, na kiwanda chake kikaanza kusaga miwa mwaka 1973. Serikali ilikuwa na hisa nyingi, huku kampuni ya Booker McConnell ya Uingereza ikipewa usimamizi. Wakulima wadogo walilimiwa mashamba, wakapewa mbegu na mbolea kwa mkopo, kisha gharama hizo zikakatwa kwenye malipo ya mavuno. Haifai kuubeza mpango huu. Wapo wasomi wengi kutoka eneo hili ambao karo yao ilitoka kwenye miwa.

Hata hivyo, mpango huo ulikuwa na ugumu wake. Miwa iliyopandwa upya huchukua takriban miezi 18 hadi 24 kukomaa, ilhali shule hudai karo kila muhula, mara 3 kwa mwaka. Baina ya kupanda na kuvuna, mzazi anayetegemea miwa pekee hukabiliwa na mihula 4 hadi 6. Kiwanda kikichelewa kuvuna, au kikivuna na kuchelewa kulipa, mwanafunzi ndiye anayerudishwa nyumbani. Elimu ya msingi bila malipo iliyoanzishwa mwaka 2003, pamoja na mpango wa kugharamia masomo katika shule za upili za kutwa ulioanza mwaka 2008, ilipunguza mzigo huu lakini haikuuondoa. Sare, chakula cha mchana na ada za bweni zilibaki juu ya mzazi.

Mwaka 2001 hisa za kampuni ziliuzwa kwa umma katika soko la hisa la Nairobi. Miaka iliyofuata ilileta faida, kisha madeni. Mnamo Septemba 2019 kampuni iliwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi aliyeteuliwa na benki ya KCB ili kulinda deni lake. Kiwanda kilikodishwa kwa kampuni ya Sarrai ya Uganda mwezi Desemba 2021. Katika kipindi hicho chote walimu waliendelea kuita majina asubuhi, na waliokosa kuitikia hawakuwa wote watoro.

Juhudi ni nini?

Hapa ndipo panapohitajika ufafanuzi. Juhudi ni yale yaliyo ndani ya uwezo wa mwanafunzi: kusikiliza darasani, kuandika zoezi, kusoma kitabu alichopewa, kuuliza asipoelewa. Matokeo ni jambo tofauti, kwa kuwa huchangiwa pia na siku alizokosa darasani, njaa, na kazi ya shambani. Tuchukue mfano wa wanafunzi wawili waliopata alama 45 kwa 100 katika insha. Mmoja alihudhuria muhula wote. Mwingine alikosa wiki 3 akisubiri karo. Alama ni moja, juhudi si moja. Mwalimu anayesoma orodha ya alama bila kuiweka kando ya daftari la mahudhurio hawezi kuwatofautisha.

Hata hivyo, tusije tukaruka majivu tukakanyaga moto. Umaskini hauwi kibali cha uzembe. Siku ambayo mwanafunzi hakuwepo si kosa lake, lakini siku aliyokuwepo na akakataa kuandika insha ni yake. Mwalimu anayemhurumia kiasi cha kutomdai kazi amemnyima kitu cha pekee ambacho kampuni haiwezi kumpa wala kumpokonya. Achanikaye kwenye mpini hafi njaa, ila ni sharti awe amepewa jembe.

Mkono unaoingia langoni

Kampuni pia huingia shuleni waziwazi. Mpango wa Wings to Fly, ulioanzishwa mwaka 2010 na wakfu wa benki ya Equity kwa ushirikiano na wakfu wa Mastercard, umesomesha maelfu ya wanafunzi maskini waliofanya vyema katika mtihani wa darasa la nane. Huo ni msaada mkubwa. Lakini ufadhili wa aina hiyo humwona aliyekwisha kung'aa. Aliyejitahidi akapanda kutoka alama 20 hadi 45 haonekani, na mwalimu ndiye pekee anayeweza kumwona.

Aina nyingine ni shule kuwa biashara yenyewe. Kampuni ya Bridge, iliyofungua shule yake ya kwanza Nairobi mwaka 2009, ilijulikana kwa masomo yanayoandaliwa mbali na darasa, mwalimu akiyafuata kutoka kwenye kifaa cha kielektroniki. Wanaoitetea husema utaratibu huo humzuia mwalimu kutega kazi. Tunauliza: somo lililokwisha kuandikwa litamngojaje mtoto aliyerudi leo baada ya wiki 3?

Athari hizi zimefika hata katika lugha. Siku hizi husemwa kwamba shule fulani "inazalisha" wanafunzi bora, kwamba mzazi ni "mteja", na kwamba elimu ni "bidhaa". Kiwandani, muwa usio na sukari hukataliwa. Mwalimu akizoea msamiati huo, huanza kumwona mwanafunzi dhaifu kuwa mali mbovu. Sisi tunaosoma Kiswahili tuna wajibu wa kuonyesha kwamba maneno haya hayapiti hivi hivi bila kuacha alama.

Hitimisho

Makala haya hayapendekezi kampuni zifukuzwe shuleni. Maabara, madawati na karo ni vitu vya kushukuriwa. Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, shule zipokee msaada bila kuuza haki ya kuamua yanayofundishwa na namna ya kufundisha. Pili, mwalimu ahesabu siku za mahudhurio kabla ya kuandika neno "mvivu" kwenye ripoti. Tatu, shule zilizo katika maeneo ya miwa zikubaliane na wazazi walipe karo kwa kufuata majira ya malipo yao, mtoto akiendelea kusoma. Kampuni huja na kuanguka, kama Mumias ilivyotuonyesha. Mtoto aliyeingia kidato cha kwanza alikuwa na miaka 4 tu ya kukaa hapo, na miaka hiyo haikumngojea mrasimu.