Winnipeg: Mtoto yuko sebuleni, mawazo ya mzazi yako Goma

Katika mji wa Winnipeg, katikati ya Kanada, mwezi wa kumi na mbili jua linazama saa kumi na nusu jioni. Asubuhi linachelewa kutoka hadi saa mbili na nusu hivi. Mtoto anapelekwa kwenye kreshi giza likiwa bado nje, na akirudi nyumbani anakuta giza limesharudi pia. Mwezi wa kwanza, usiku, baridi inafikia kwa kawaida digrii 20 chini ya zero.

Kwa familia iliyotoka Uvira, Bukavu ao Goma, ambako jua hutoka na kuzama karibu saa ile ile mwaka mzima, hilo ni jambo ambalo mwili unachelewa kuzoea. Lakini wazazi wengi Wakongo wanaoishi katika nchi za baridi wanajua kwamba theluji yenyewe si tatizo kubwa kuliko yote. Tatizo ni ile miezi minne ao mitano ya kukaa ndani na watoto wadogo, bila jirani wa kuwaangalia, bila uwanja wa kukimbilia, na bila shangazi ao koko wa kusema: « Lete huyo mtoto, nenda upumzike. »

Wakongo wa mashariki wanaolea watoto kwenye baridi ni wengi. Wengi walipitia kambi kama za Nyarugusu huko Tanzania, Nakivale na Kyangwali huko Uganda, ao Dzaleka huko Malawi, kabla ya kupelekwa Kanada, Marekani ao Ulaya ya Kaskazini. Marekani peke yake ilipokea zaidi ya wakimbizi 18,000 kutoka DRC katika mwaka wa bajeti wa 2023, kuliko kutoka nchi nyingine yoyote, mpaka programu hiyo iliposimamishwa mwezi wa kwanza 2025. Kusimamishwa huko kuliacha familia nyingi zikiwa zimegawanyika: wazazi na watoto wako kwenye theluji, na wazee wamebaki kambini.

Simu mkononi, mtoto miguuni

Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, wakati baridi ilikuwa kali kabisa Kanada, mji wa Goma uliangukia mikononi mwa M23. Katikati ya mwezi wa pili ikawa zamu ya Bukavu. Siku hizo, kwenye nyumba nyingi za Wakongo wa ng'ambo, simu haikuwekwa chini. Saa kumi na moja jioni Winnipeg ni saa saba usiku Goma. Ndiyo saa ambayo mzazi anatoka kazini, anapika, na wakati huo huo anasikiliza sauti za WhatsApp akitafuta kujua nani amelala salama na nani hapatikani.

Mtoto wa miaka mitatu hajui Goma. Anachoona ni uso wa mama ao wa baba ulioinamia kioo. Anavuta nguo, anaita mara tano, kisha anamwaga kikombe. Hapo ndipo anapata jibu, na jibu lenyewe ni kelele.

Wanasaikolojia wamelichunguza jambo hili tangu zamani. Katika miaka ya 1970, Mmarekani Edward Tronick aliwaomba mama wacheze na watoto wao wachanga, kisha wakaushe uso kwa dakika chache bila kucheka wala kujibu. Mtoto alianza kwa kutabasamu na kunyoosha mikono ili amrudishe mama yake. Aliposhindwa, aligeuza uso, na wengine walilia. Lakini jaribio hilo lilikuwa na sehemu nyingine ambayo wengi wanaisahau: mama aliporudi kucheza naye, mtoto naye alirudi. Kwa hiyo kinachotakiwa ni mzazi ambaye akitoka kwa mawazo, anarudi.

Kulea kwa utulivu ni nini?

Njia hii ya kulea ilijulikana sana kupitia kitabu ambacho Jon Kabat-Zinn na mke wake Myla walitoa mwaka wa 1997. Jon Kabat-Zinn alikuwa ameanzisha mwaka wa 1979, katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, mafunzo ya kusaidia wagonjwa wenye maumivu na mahangaiko ya muda mrefu. Chanzo chake ni tafakari ya Kibuda, lakini mafunzo yenyewe hayadai dini yoyote, na Mkristo ao Mwislamu anaweza kuyafuata bila kuacha sala zake.

Mwaka wa 2009, watafiti Larissa Duncan, Douglas Coatsworth na Mark Greenberg waliigawanya kazi hiyo katika sehemu tano: kumsikiliza mtoto kwa umakini wote, kumkubali jinsi alivyo, na mzazi kujikubali pia, kutambua hisia za mtoto na zako mwenyewe, kujizuia kabla ya kujibu kwa hasira, na kuwa na huruma kwa mtoto na kwa nafsi yako.

Haimaanishi kumwachia mtoto afanye anachotaka. Mzazi bado anakataza, bado anaweka saa ya kulala. Tofauti ni kwamba anakataza akiwa ametulia, kwa sababu amechagua kukataza, si kwa sababu uchovu umemsukuma.

Mtihani wa bote na zipu

Hakuna mahali ambapo mafunzo haya yanapimwa kama mlangoni asubuhi. Kumvalisha mtoto mmoja kwa ajili ya theluji kunaweza kuchukua robo saa: suruali nzito, bote, koti, kofia, kitambaa cha shingo, kisha soksi za mikono. Akishamaliza, anasema anataka kwenda choo. Nje bus haingoji, na kazini mkubwa wa kazi hataki kusikia habari za choo.

Wazazi waliozoea wanatumia mbinu ndogo ndogo. Ya kwanza ni kuamka dakika 15 mapema, na kumpeleka mtoto choo kabla ya kugusa nguo hata moja. Ya pili ni utaratibu usiobadilika: mikono inavalishwa mwisho, kwa sababu ikishafunikwa haiwezi kufunga zipu. Ya tatu inafundishwa katika kreshi nyingi za Kanada: koti linatandazwa chini, kofia yake ikielekea miguu ya mtoto, mtoto anaingiza mikono, analirusha juu ya kichwa, na koti limevaliwa. Mtoto wa miaka mitatu akishajua hivyo hukataa kusaidiwa.

Hapo ndipo subira inapohitajika. Mzazi anavuta pumzi tatu za polepole kabla ya kusema neno. Anataja kile mtoto anachosikia: « Umekasirika kwa sababu bote inabana. » Kisha anampa nafasi ya kuchagua kati ya vitu viwili: kofia nyekundu ao ya bluu. Kuvaa kofia ni lazima. Rangi ndiyo anayochagua.

Na siku ambayo kelele imetoka hata hivyo, mzazi anarudi kwa mtoto na kumwambia: « Nilipiga kelele, nisamehe, nilikuwa nimechoka. » Kwa wengi waliolelewa Kivu, mkubwa kumwomba mtoto msamaha ni jambo geni. Lakini mtoto anayesikia neno hilo kwa mzazi wake analijua pia siku yeye anapokosea.

Nje kidogo kila siku

Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa mwaka wa 2019 maelekezo kwa watoto wenye umri chini ya miaka mitano. Mtoto wa mwaka mmoja hadi minne anahitaji dakika 180 za kutembeza mwili kila siku. Asiyefikisha miaka miwili hapaswi kuwekwa mbele ya televizyo ao simu. Kuanzia miaka miwili hadi minne, isipite saa moja kwa siku.

Katika nyumba ya vyumba viwili, dakika 180 si rahisi. Ndiyo maana Wakanada wenyewe hutoa watoto nje hata kwenye baridi, kwa muda mfupi. Mipaka iko: baridi ikichanganyika na upepo na kufikia kati ya -28 na -39, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Pua, masikio ama vidole vikipauka na kukosa hisia, mtoto anaingizwa ndani mara moja.

Siku za kubaki ndani, muziki na kucheza dansi vinasaidia, na kazi za nyumbani pia. Mtoto anaweza kuosha mchele, kukanda unga, kupanga soksi. Kazi itachelewa, lakini mtoto atakuwa karibu na mzazi badala ya kuwa mbele ya kioo. Maktaba za mji nazo zinapasha joto bila malipo, na nyingi zina saa ya hadithi kwa wadogo.

Jambo moja halina mjadala: mbabula ya makala haiingizwi ndani ya nyumba, hata umeme ukikatika. Madirisha ya nchi za baridi yanafungwa kabisa, na moshi usioonekana wala kunusika unaweza kuua familia nzima usingizini.

Mzazi naye anachoka

Mwaka wa 1984, daktari Norman Rosenthal na wenzake walieleza ugonjwa wa huzuni unaorudi kila mwaka wakati mwanga wa jua unapopungua. Mtu analala sana, anakosa nguvu, hataki kuona watu. Mama aliyejifungua karibuni, ambaye yuko peke yake mchana kutwa, anaweza kudhani ni uvivu ao ni laana. Ni ugonjwa unaotibiwa, na daktari wa familia ndiye wa kwanza kuambiwa.

Wengine wananyamaza kwa kuogopa kwamba wakisema wamechoka, watumishi wa serkali watachukua watoto. Woga huo unaeleweka, lakini kunyamaza kunaongeza hatari: mzazi aliyefikia mwisho wa nguvu zake ndiye anayeinua mkono. Familia mbili ao tatu zikipokezana watoto siku ya posho, kila mama anapata masaa machache ya kupumzika. Ndivyo ilivyokuwa kwenye parcelle za nyumbani, na inawezekana hata kwenye ghorofa ya saba.

Saa ya hadithi

Kuna kitu ambacho baridi inarudisha: jioni ndefu. Watu wa Anishinaabe, wenyeji wa asili wa eneo hilo la Kanada, wana hadithi zao ambazo desturi inaziruhusu tu wakati theluji iko chini. Wakongo pia wanajua kwamba hadithi ina saa yake, na ni usiku, karibu na moto.

Wanyanga wa Walikale wana Mwindo, mtoto aliyezaliwa akitembea. Msimulizi Candi Rureke aliisimulia hadithi hiyo kwa muda wa siku kumi na mbili mwaka wa 1956, na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene waliitoa kama kitabu mwaka wa 1969. Siku kumi na mbili za Mwindo zinatosha kupitisha wiki mbili za theluji, na mtoto anabaki na lugha.

Hapo hata waliobaki nyumbani wana kazi. Wakati wa baridi, siku ya posho saa nne asubuhi Winnipeg, ni saa kumi na mbili jioni Goma. Mtandao ukikubali, simu ile ile iliyokuwa ikileta habari mbaya inaweza kuwekwa katikati ya sebule, na koko akaanza kusimulia. Mzazi anakaa chini kwenye zulia, mtoto magotini, na wote wawili wanasikiliza.