Kisafishaji cha bwawa kipimwe kwa mitungi ya maji

Wauzaji wa vifaa vya mabwawa ya kuogelea humwuzia mteja muda. Nunua mashine itambae yenyewe chini ya maji, wanamwambia, upumzike kusukuma brashi kila Jumamosi. Hoja hiyo ilizaliwa katika nchi ambako saa moja ya fundi ni ghali na maji ya bomba ni rahisi. Kasikeu, upande wa Kilome katika kaunti ya Makueni, mambo yako kinyume. Kijana wa kusugua bwawa hapatikani kwa shida; maji ndiyo yanayopatikana kwa shida. Mvua inayotegemewa zaidi ni ile ya Oktoba hadi Desemba, ya Machi hadi Mei huweza kupita bila kujaza hata tangi, visima vingi vya Ukambani hutoa maji ya chumvi, na kiangazi kikikaza bei ya boza hupanda. Mwenye nyumba wa huku, awe mstaafu aliyerudi kujenga kwao au mfanyabiashara wa Sultan Hamud, ana swali moja la kumwuliza muuzaji kabla ya mengine yote: kifaa hiki kitaniokolea mitungi mingapi?

Hesabu yake si ngumu. Bwawa la urefu wa mita 8, upana wa mita 4 na kina cha wastani cha mita 1.5 hubeba lita 48,000, yaani mitungi 2,400 ya lita 20. Mengi ya mabwawa haya yana chujio la mchanga, na hapo hakuna la kumfundisha Mkamba: vizazi na vizazi vimechimba mashimo kwenye mito ya mchanga na kuteka maji yaliyochujwa na mchanga wenyewe. Tofauti ni kwamba mto huoshwa na mafuriko, ilhali chujio la bwawa huoshwa na mwenye nyumba, tena kwa maji yaleyale ya bwawa. Uchafu ukijaa, mkondo hugeuzwa, maji yakapita kwenye mchanga kinyumenyume na kumwagwa nje pamoja na tope. Pampu inayosukuma lita 12,000 kwa saa itamwaga lita 600 kwa dakika tatu tu. Ukifanya hivyo kila wiki, mwaka ukiisha umemwaga lita 31,200, mitungi 1,560. Familia inayotumia mitungi mitano kwa siku ingeishi kwa maji hayo zaidi ya miezi kumi.

Hapo ndipo aina ya kisafishaji inapoanza kuwa na maana. Kile cha bei nafuu ni cha kufyonza, na historia yake ni ya Afrika. Ferdinand Chauvier, mhandisi aliyehamia Afrika Kusini mwaka 1951 kutoka Kongo ya Wabelgiji, alikamilisha mwaka 1974 kifaa alichokiita Kreepy Krauly. Hakina mota wala waya. Huunganishwa kwa bomba na pampu ya bwawa, na mvuto wa maji hukisukuma hatua kwa hatua sakafuni. Ni ubunifu wa kuheshimiwa, vipuri vyake ni vya mpira na plastiki, na fundi yeyote makini anaweza kukifungua. Lakini kila punje ya vumbi jekundu kinayoiokota huipeleka kwenye chujio, chujio hujaa upesi, na maji humwagwa mapema. Aina ya pili hutumia maji yanayorudishwa bwawani kwa shinikizo na hukusanya takataka kwenye mfuko wake, jambo zuri, ila modeli nyingi hudai pampu ya pili ya kuongeza nguvu, na bili ya umeme hupanda nayo. Ya tatu ni roboti. Ina mota yake, hutumia umeme ulioshushwa hadi volti zipatazo 24, na uchafu hubaki katika kikapu chake, ambacho husuuzwa kwa ndoo moja ya maji. Chujio la bwawa hubakiwa na vumbi linaloelea tu. Hata tukikadiria kwa tahadhari kwamba roboti hupunguza uoshaji wa chujio kwa nusu, mitungi 780 kwa mwaka imeokolewa.

Wapo watakaosema roboti ni ghali mara kadhaa kuliko cha kufyonza, na kwamba ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16 huzidisha uchungu. Ni kweli, na kwa anayechota maji ya bomba bila mgao huenda isilipe gharama yake. Wengine husema pampu ni lazima izunguke kila siku hata hivyo, kwa hiyo cha kufyonza hakiongezi umeme. Hoja hii ina uzito zaidi. Roboti ya wati 150 hadi 200 ikifanya kazi saa mbili haifikishi hata nusu uniti, lakini haiondoi haja ya pampu. Anayesifu roboti kwa kupunguza umeme peke yake anakuza mambo. Faida yake ya kweli ni kwamba pampu inaweza kwenda polepole, na chujio halizibi kila mara. Mtu anayejenga upya anaweza pia kuchagua chujio la katriji, ambalo halioshwi kwa kugeuza mkondo, na hapo cha kufyonza hupata nafasi tena. Hata hivyo katriji huziba haraka penye vumbi laini kama la huku, na kuisafisha kwa mpira wa maji kila baada ya siku chache nako hula maji.

Pingamizi kubwa kuliko yote linatoka juani. Katika sehemu kame za Ukambani uso wa maji unaweza kupoteza karibu milimita 2,000 kwa mwaka kwa kukauka. Kwenye bwawa letu la mita za mraba 32 hiyo ni lita 64,000, zaidi ya ujazo wa bwawa lenyewe, na mvua hairudishi hata nusu. Mbele ya hasara hiyo, mitungi 780 ya roboti ni michache. Kwa hiyo fedha za kwanza ziende kwenye kifuniko, ambacho kikifungwa vizuri huzuia sehemu kubwa ya ukaukaji, huhifadhi klorini isiharibiwe na jua, na hukinga majani na vumbi visiingie. Kisafishaji ni ununuzi wa pili. Muuzaji anayekuuzia roboti bila kuuliza kama una kifuniko anakuuzia dawa ya kikohozi huku umelala mvuani.

Lipo pia swali la haki: je, bwawa la kuogelea lina mahali gani katika eneo ambalo akina mama bado wanafuata maji kwa punda? Swali hilo ni halali na halifutwi na mashine yoyote. Kinachoweza kudaiwa ni kwamba anayejenga asijaze kutoka kwenye laini ambayo majirani wanaitegemea, avune maji ya paa lake, na asiyamwage ovyo. Wanaojitetea kwamba maji ya chujio humwagiliwa miembe wakumbuke kwamba klorini hupotea ikikaa juani siku kadhaa, lakini chumvi haipotei. Hubaki udongoni, hasa pale bwawa lilipojazwa kwa maji ya kisima.

Basi dukani, sifa za kutambaa ukutani na kuongozwa kwa simu zingoje. Kwanza kikapu kishikwe mkononi: wavu wake ni mwembamba kiasi gani, kwa maana wavu wa kuzuia majani utaachia vumbi la Kasikeu lipite na kurudi majini. Kisha uulizwe ukanda wa kuzungushia magurudumu, brashi na kifaa cha kushushia umeme kama viko Nairobi leo au vitaagizwa nje, na waranti inasema nini umeme unapopanda na kushuka. Roboti iliyokufa ikingoja kipuri miezi mitatu itamrudisha mwenye bwawa kwenye bomba la kufyonza, na maji yake kwenye mtaro.