Droni hujuaje ilipo? Maelezo kwa vijana wanaotaka kujifunza kuirusha



Tunapopita nyumba kwa nyumba tunaulizwa maswali mawili kuhusu ndege ndogo zisizo na rubani, ambazo wengi wanaziita droni. Wazazi huuliza: ile setilaiti inayoiongoza, inatuona sisi huku chini? Vijana wao huuliza: inarushwaje, na mimi naweza kujifunza? Tutajibu yote mawili, kwa sababu jibu la kwanza ndilo linalofungua la pili.

Labda utashangaa jambo hili kuandikwa katika jarida la afya. Hapa Rwanda droni ziliingia katika huduma ya afya mwezi wa Oktoba 2016, kampuni ya Zipline ilipoanza kupeleka damu hospitalini kutoka kituo chake cha Muhanga. Kituo cha pili kilifunguliwa Kayonza. Droni zile zina mabawa kama ndege ya kawaida, hurushwa kwa mtambo kama manati, huenda kilomita 100 hivi kwa saa, na huangusha boksi lenye mwavuli wa karatasi bila kutua. Mzigo wake hauzidi kilo 2. Hiyo inaonekana kidogo, lakini mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua anaweza kuokolewa na mifuko michache tu ikifika mapema. Utafiti uliotolewa mwaka 2022 kuhusu hospitali na vituo vya Rwanda ulionyesha kwamba baada ya miezi 12 damu iliyoharibika kwa kukaa muda mrefu ilipungua kwa asilimia 67, kwa sababu hospitali haikulazimika tena kujiwekea akiba kubwa. Kuna sehemu ya damu, chembe sahani, inayodumu siku 5 hivi tu.

Sasa turudi kwenye setilaiti. Mfumo unaojulikana zaidi ni GPS, wa Marekani, uliokamilika mwaka 1995. Setilaiti zake hazipungui 24 na zinazunguka dunia kwa kimo cha kilomita 20,200 hivi. Urusi, nchi za Ulaya na China nazo zina mifumo yao, na droni nyingi za sasa husikiliza zaidi ya mmoja. Kila setilaiti ina saa sahihi mno. Kazi yake ni kutangaza kama redio: "mimi ni fulani, niko mahali fulani, na saa hii ni saa fulani." Kipokezi kilicho ndani ya droni kinasikia tangazo hilo, kinahesabu limechukua muda gani njiani, na hivyo kinajua umbali. Mawimbi ya redio yanakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo safari yote inachukua chini ya sehemu ya kumi ya sekunde. Saa ikikosea kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, droni itajiona imesogea mita 300. Ndiyo maana zinahitajika angalau setilaiti nne kwa wakati mmoja: tatu za kupata mahali, na ya nne ya kusahihisha saa ya kipokezi, ambayo ni ya bei rahisi.

Mzazi, hapo ndipo jibu lako lilipo. Setilaiti hizi za kuonyesha mahali hazikuoni wala hazijui kwamba upo. Zinatangaza tu, kama redio isiyojua nani amewasha. Droni yenyewe ni jambo jingine. Ikiwa na kamera inaweza kupiga picha za watu na nyumba, na una haki ya kuuliza ni ya nani, inapiga picha gani na kwa kazi gani. Wengi wetu tumekimbia mlio wa namna hiyo huko tulikotoka, na anayeshtuka akiusikia asichekwe.

Kijana, sasa ni zamu yako. Droni ya kujifunzia, ile yenye panga nne, huwa na hali kadhaa za kuruka, na anayeanza mara nyingi huiharibu kwa kutojua iko katika hali ipi.

Ya kwanza ni hali ya kushika mahali. Hapa droni inatumia setilaiti. Ukiachia vijiti vya rimoti inasimama hewani, upepo ukiisukuma inarudi yenyewe. Ni rahisi kiasi kwamba mtu hujiona rubani siku ya kwanza. Kabla ya kuruka ngoja kwanza rimoti ikuonyeshe kuwa setilaiti zimetosha. Nne ni za kuhesabia tu; kwa kuruka salama ngoja zifike kumi au zaidi. Usianzie chini ya miti, ukutani au kati ya nyumba za mabati, kwa sababu mawimbi hugonga mabati na kufika yamechelewa, na droni inadanganyika. Chuma kilicho karibu huvuruga pia dira yake.

Ya pili ni hali ya kujisawazisha, isiyotumia setilaiti. Droni inabaki wima na inashika kimo kwa kupima shinikizo la hewa, basi. Ukiachia vijiti haisimami, inaelea na upepo kama jani juu ya maji. Nyingi hujiingiza zenyewe katika hali hii setilaiti zikipotea, na hapo anayeanza huachia vijiti akidhani ameshika breki. Usiachie. Sukuma kijiti polepole upande ulio kinyume na inakokwenda, kisha ishushe mahali peupe. Kama droni yako inakuruhusu kuchagua hali hii, ijifunze mapema, asubuhi kabla ya upepo, chini chini, kwenye uwanja usio na watu. Kwa maoni yangu asiyeiweza hali hii bado hajajua kurusha.

Ya tatu ni hali ya kurudi nyumbani. Mawasiliano na rimoti yakikatika, au betri ikikaribia kwisha, droni inarudi mahali iliposajili kuwa nyumbani wakati wa kuruka. Kama uliruka kabla setilaiti hazijatosha, huenda nyumbani hapo pamesajiliwa pasipo sahihi. Tena hurudi kwa mstari ulionyooka, kwa kimo ulichokipanga wewe, na kimo hicho huhesabiwa kutoka pale uliporukia, si kutoka ardhi iliyo chini yake. Katika nchi tambarare hilo si tatizo kubwa. Huku kwetu Rusizi ni vilima juu ya vilima. Chukua mfano: umeruka kutoka bondeni, umepanga kimo cha mita 60, na kati yako na droni kuna kilima cha mita 80 chenye mikaratusi. Nyingi haziwezi kuukwepa mti, kwa hiyo itakigonga. Angalia basi kitu kirefu kuliko vyote vilivyo karibu, ikiwemo nguzo za umeme, na upange kimo kinachokipita.

Kuna pia hali ya kufuata njia iliyopangwa, ambapo vituo vyote vimeandikwa kabla. Ndiyo inayotumiwa na zile za kupeleka damu, na ndiyo iliyofaa Zanzibar mwaka 2019, droni ziliponyunyizia mashamba ya mpunga dawa ya kuzuia viluwiluwi vya mbu. Hiyo ni ya baadaye, ukishajua zile tatu.

Usiruke bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Rwanda. Kwetu Giheke jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa uwanja wa ndege wa Kamembe hauko mbali na mpaka wa Kongo ni jirani. Droni iliyobebwa na upepo haijui mpaka, na wa kuulizwa utakuwa wewe na familia yako.

Ukiikuta droni imeanguka, waondoe watoto na usiiguse. Panga zinaweza kuanza kuzunguka ghafla, na betri yake ikiwa imepondeka inaweza kuwaka moto hata baada ya saa nzima. Boksi lenye mwavuli nalo usilifungue, kwani linaweza kuwa na damu ya mgonjwa anayeisubiri. Kaa hapo, mtume mtu kwa kiongozi wa kambi au kwenye kituo cha afya. Maswali mengine mpelekee mhudumu wa afya wa bloku yako.