Kukonda si sumu: mafuta ya mwili na ugonjwa wa sukari



Hapa kwetu mtu akinenepa tunasema Mungu amemkumbuka. Akikonda kwa ghafla, watu wanaanza kunong'ona kwamba amelishwa sumu. Upande wa Bukavu wanaiita karuho. Maneno hayo yanachelewesha wagonjwa wa sukari kufika hospitali, na yanaweza kumtia jirani asiye na kosa mikononi mwa watu wenye hasira. Kwa hiyo juma hili tunaeleza mafuta ya mwili yana kazi gani, na kwa nini ugonjwa wa sukari unampata mnene na mwembamba pia.

Ghala ndani ya mwili

Tukila ugali wa muhogo, wali au ndizi, tumbo linavunja chakula hicho, nacho kinaingia katika damu kama sukari. Kongosho, kiungo kidogo kilicho nyuma ya tumbo, kinatoa insulini. Insulini ni kama ufunguo: inafungulia sukari milango ya misuli na ini. Kinachozidi kinageuzwa kuwa mafuta na kuwekwa akiba chini ya ngozi. Mtu wa kilo 70 asiye mnene anaweza kubeba kilo 10 hivi za mafuta, na kila kilo moja ina nguvu ya kumtosha siku tatu. Wale kati yetu waliokimbia vita wakapita porini bila chakula waliishi kwa akiba hiyo.

Zamani wataalamu walidhani mafuta ni gunia tu, lisilosema neno. Mwaka 1993, huko Boston, Gökhan Hotamisligil na Bruce Spiegelman walionyesha kwamba mafuta ya wanyama wanene yanatoa kemikali inayozuia insulini isifanye kazi yake. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake wa New York waligundua leptini, homoni inayotoka ndani ya mafuta na kuuambia ubongo kwamba akiba ipo. Tangu hapo ikajulikana kwamba mafuta ni kiungo kinachozungumza na mwili wote.

Kuna pia watu wachache sana wanaozaliwa karibu bila mafuta chini ya ngozi. Tungedhani hao wako salama kuliko wote. Kumbe wanapata ugonjwa mkali wa sukari. Sababu ni kwamba hawana ghala, na mafuta ya chakula yanakwenda kujazana ndani ya ini na misuli. Mwaka 2002, huko Marekani, Elif Oral na wenzake waliwapa leptini wagonjwa wa namna hiyo, na sukari yao ikashuka.

Tukumbuke Yusufu kule Misri. Nafaka iliyowekwa ghalani iliokoa taifa. Lakini nafaka hiyo hiyo ukiimwaga kisimani, unaharibu maji ya kijiji kizima. Ndivyo yalivyo mafuta: si adui wa mwili, ila yakikosa nafasi yake yanadhuru.

Ghala likijaa

Ukubwa wa ghala si mmoja kwa watu wote. Profesa Roy Taylor wa Newcastle, Uingereza, ameeleza kwamba kila mtu ana kipimo chake. Mmoja anafikia kilo 100 bila sukari kupanda. Mwingine akipita kilo 75 ghala lake limekwisha kujaa. Mafuta yanaingia ini, kisha kongosho. Ini linaacha kuitikia insulini, na kongosho linachoka.

Kuna kipimo ambacho hata mshonaji wa nguo anaweza kutusaidia. Chukua kamba yenye urefu wako toka kisigino hadi utosi. Ikunje mara mbili, uizungushe kiunoni juu ya kitovu. Isipofika, tumbo lako limepita kiasi, na inafaa ukapimwe.

Habari njema ni kwamba ghala linaweza kupunguzwa. Taylor na mwenzake Mike Lean walifuata wagonjwa 306 huko Scotland na kaskazini mwa Uingereza, na mwaka 2017 wakatangaza matokeo. Nusu yao walipunguziwa chakula sana chini ya uangalizi wa wauguzi. Baada ya mwaka mmoja, 46 kwa kila 100 wa kundi hilo walikuwa wameacha dawa na sukari yao iko chini. Kati ya waliopungua kilo 15 au zaidi, ni 86 kwa kila 100.

Kwa mnene wa Baraka, maana yake ni hii: punguza sukre, mandazi na sukari ya chai, punguza donge la ugali, ongeza sombe na mboga nyingine, mafuta ya mawese yapimwe kwa kijiko, tembea kwa miguu. Lakini asiache dawa kabla daktari hajasema.

Na yule aliyekonda?

Hapa ndipo tuwe waangalifu, kwa sababu shauri linalomponya mnene linaweza kumwangusha mwembamba.

Madaktari wa nchi za joto wamewaona kwa miaka mingi vijana wembamba, waliokua kwa njaa, wenye sukari ya juu sana. Mwaka 1955 Philip Hugh-Jones aliandika juu yao huko Jamaica. Mwaka 2022 Meredith Hawkins wa New York, pamoja na madaktari wa Vellore, India, waliwapima wagonjwa wa namna hiyo kwa makini. Walikuta kwamba miili yao inaitikia insulini. Shida ni kwamba kongosho lao linatoa insulini kidogo mno. Kwa hao ghala si tatizo: funguo ndizo chache. Baada ya mabishano ya miaka mingi, mwezi wa 4 mwaka 2025, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari liliukubali ugonjwa huo huko Bangkok kama kisukari cha aina ya 5.

Mwaka huo huo ilitoka taarifa nyingine ya Afrika yenyewe. Jean Claude Katte wa Cameroun, Moffat Nyirenda wa Entebbe, Uganda, na wenzao waliwapima watu 894 wa Cameroun, Uganda na Afrika Kusini walioanza kuugua wakiwa vijana. Wote walihesabiwa kuwa na kisukari cha aina ya 1, ambamo kinga ya mwili inashambulia kongosho. Lakini kama 65 kwa kila 100 hawakuwa na alama za shambulio hilo katika damu.

Njaa ya mapema nayo inaacha alama. Huko Uholanzi, watoto waliokuwa tumboni wakati wa njaa ya vita ya 1944 na 1945 walipimwa walipofikia miaka 50 hivi, na miili yao ilishindwa kutawala sukari vizuri kuliko wengine. Tunafikiri juu ya watoto wetu waliobebwa mimba katika mbio za 1996, waliokulia kambi za Lugufu na Nyarugusu, wakarudi kwa meli hapa Baraka kuanzia 2005. Leo ni watu wazima. Tusiwahukumu kwa kuwatazama unene wala wembamba, tuwapeleke wapimwe.

Kwa hiyo ndugu akiwa na kiu isiyokwisha, anakojoa mara nyingi usiku, sisimizi wanafuata mkojo wake, na nguo zinamlegea ingawa anakula, tusitafute aliyempa sumu. Tone moja la damu la asubuhi kabla ya kula linajibu: 126 au zaidi, likirudiwa siku nyingine na kutoa jibu lile lile, ni ugonjwa wa sukari.

Kufunga, dawa na maombi

Sisi ni watu wa kufunga na kukesha, na hatuoni haya kwa hilo. Lakini anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamide aongee na daktari kwanza. Akimeza dawa bila kula, sukari inaanguka: anatetemeka, anatoka jasho, anasema maneno yasiyoeleweka. Kanisani wengine watadhani ni pepo. Kama anaweza kumeza, apewe maji ya sukari mara moja. Akizimia, tusimtie kitu mdomoni, tumkimbize hospitali.

Kuacha insulini ni hatari nyingine. Pasipo ufunguo, mwili unayeyusha mafuta kwa haraka, na damu inajaa asidi. Mgonjwa anatapika, anahema kwa nguvu, pumzi yake inanukia kama matunda. Anaweza kufa katika siku chache. Hapo si saa ya kusubiri mwisho wa maombi ya siku tatu.

Wengine wanaacha kwa sababu hawana friji. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walionyesha, kwa kupima joto la kambi ya Dadaab, Kenya, kwamba insulini iliyofunguliwa inakaa wiki nne katika joto la kati ya digrii 25 na 37 bila kuharibika. Muulizeni muuguzi wenu namna ya kuihifadhi katika chungu chenye ubaridi.

Mfalme Hezekia aliomba kwa machozi, na Mungu akamsikia. Hata hivyo nabii Isaya aliagiza tini zipondwe na kuwekwa juu ya jipu lake, na hakuna aliyesema amekosa imani. Wachungaji, tunawaomba: mgonjwa anapotoa ushuhuda kwamba amepona sukari, furahini naye, kisha mwende naye apimwe. Kama amepona, kipimo hakitampinga Mungu.