Jina la Iniversite na Kazi ya Kesho



Sisi wa mwaka wa mwisho tunaulizana kila siku: tukipata diploma ya Serikali, twende iniversite gani? Wengine wanasema ile ya Lubumbashi imepoteza jina. Tuangalie vizuri.

Ilianza mwaka 1955. Mwaka 1971 Serikali iliiunganisha na za Kinshasa na Kisangani, zikawa moja, UNAZA. Mwaka 1981 zikaachana. Gécamines ilichukua maenjenia kutoka pale. Mukubwa wa kazi aliyesoma pale alijua kijana wa pale amefundishwa nini. Ni vile jina linafungua mlango.

Usiku wa tarehe 11 Mei 1990 wanafunzi walishambuliwa mule ndani, na Ubelgiji ikasimamisha musaada. Mwezi wa 9 mwaka uleule mugodi wa Kamoto uliporomoka, na Gécamines ikashuka sana. Jina liliumia, kazi nazo zikapunguka, na haikuwa kosa la mwanafunzi.

Leo hapa Kolwezi kampuni ni nyingi, na wakubwa wao wengine hawakusoma katika inchi yetu. Kwao jina paka halitoshi. Wanataka kuona kama unajua kazi. Basi, mbele ya kuchagua tuulize: maabara iko? Staje iko? Wakubwa zetu waliotoka pale wanatumika wapi?

Tena, sisi nasi tutabeba jina lile. Anayetumika mubaya anafungia wadogo wake mlango.

Mungu atusaidie mu mtihani.