Depo ya mahindi na sheria ya kujenga: falanga inaenda wapi?

Koperative moja kandokando ya Kolwezi ilituuliza mbele ya mvula: depo ya mahindi tuijenge kufwatana na sheria, ao sawa vile tulizoea? Mweka-hazina wao anasema sheria ni ya kukula falanga ya mavuno tu. Hatumcheki. Arete ya mwaka 2013 inadai ruhusa ya kujenga mbele ya tofali la kwanza, na ruhusa inadai plani ya kuchorwa na fundi wa kazi hiyo. Kwa depo ndogo, plani inauma.

Lakini tutenge mambo mawili: karatasi, na kile kinachoingia ndani ya ukuta. Tupige hesabu ya mkanda wa beto juu ya kuta. Depo ya metri 6 kwa 8 ina mzunguko wa metri 28. Mkanda wa sentimetri 15 kwa 15 unakula mifuko 5 hivi ya simenti ya kilo 50 na, ukipitisha fimbo 4 za chuma za milimetri 10, fimbo 11 za metri 12. Chukueni bei ya soko ya juma hili, muigeuze kuwa mifuko ya mahindi. Kisha: ukuta ukipasuka mu mwezi wa pili, mahindi yakilowa na kushika kuvu, mifuko mingapi itaenda? Mahindi ya kuvu yanaweza kuua hata kuku.

Fondasio ya mawe ipande sentimetri 30 juu ya udongo, mabati yapite ukuta kwa 60. Hapo msibane falanga. Juu ya tofali, sisi tunabisha kidogo na watu wa mji: tofali bichi za udongo wa kichuguu zinatosha kama mguu wa ukuta unabaki mkavu, na hazimalizi miti.

Karatasi nayo haioni yote. Kule Kasulo, tangu kobalti ilipoonekana chini ya parseli mu 2014, watu walichimba mpaka ndani ya nyumba, kuta zikapasuka. Mu 2017 familia zikahamishwa. Basi, mbele ya kupima kiwanja, ulizeni wazee na jirani kama kuko mashimo ya wakrezeri.

Ile koperative imekubali mkanda na fondasio. Juu ya plani, mweka-hazina bado anabisha.