Mwangaza wa Kimulimuli: Namna Seli Zilizopandikizwa Zinavyofuatiliwa Ndani ya Mnyama Aliye Hai

Utangulizi

Mtafiti anapopandikiza uboho, au anapodunga seli shina katika moyo wa panya, maswali mawili humkabili mara moja: seli hizo zimekwenda wapi, na je, zingali hai? Kwa muda mrefu majibu yalipatikana kwa kumuua mnyama, kumpasua na kuchunguza tishu zake kwa hadubini. Aliyetaka kujua hali ya siku ya tatu, ya saba na ya thelathini alihitaji makundi matatu ya panya, na hapakuwa na panya hata mmoja ambaye habari zake zilijulikana tangu mwanzo hadi mwisho. Makala haya yanakusudia kueleza mbinu iliyobadilisha hali hiyo, yaani upigaji picha kwa mwangaza unaotolewa na seli zenyewe, na kubainisha yale ambayo mwangaza huo unathibitisha na yale usiyoweza kuyathibitisha.

Asili ya mwangaza

Chimbuko la mbinu hii ni viumbe wanaotoa mwangaza, hasa kimulimuli. Katika miaka ya 1880, Mfaransa Raphaël Dubois alionyesha kwamba mwangaza wa viumbe hutokea vitu viwili vinapokutana. Cha kwanza alikiita lusiferini, nacho huungua mithili ya mafuta ya taa. Cha pili alikiita lusiferasi, nacho ni kimeng'enya kinachouwezesha mmenyuko huo kutukia. Mnamo 1947, Mmarekani William McElroy alithibitisha kwamba kimulimuli huhitaji kitu kingine pia: adenosini trifosfati, kemikali ambayo kila seli hai huitumia kama hazina ya nishati. Aidha, oksijeni sharti iwepo.

Ugunduzi wa McElroy ndio msingi wa yote yanayofuata. Seli iliyokufa haina nishati hiyo, na kwa hivyo haiwezi kuwaka.

Mwaka wa 1985, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walifaulu kuinakili jeni ya lusiferasi ya kimulimuli. Kuanzia hapo iliwezekana kuitia jeni hiyo katika seli za viumbe wengine. Mwaka wa 1995, Christopher Contag na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba bakteria waliotiwa jeni za mwangaza wanaweza kuonekana kutoka nje ya mwili wa panya aliye hai.

Utaratibu wenyewe

Kwanza, jeni ya lusiferasi hutiwa katika DNA ya seli zitakazopandikizwa, aghalabu kwa kutumia kirusi kilichoondolewa uwezo wa kuzaana. Kwa kuwa jeni hiyo imekuwa sehemu ya seli, kila seli inapogawanyika hurithisha jeni hiyo kwa vizazi vyake. Rangi ya kupaka haina sifa hii: hufifia kila seli inapogawanyika, na seli ikifa, rangi yake huweza kumezwa na seli jirani na kumpotosha mtazamaji.

Pili, seli hupandikizwa. Wakati wa kupiga picha unapowadia, panya hupewa nusukaputi na kudungwa lusiferini, kwa kawaida miligramu 150 kwa kila kilo ya uzani wake. Baada ya dakika 10 hadi 20 huwekwa katika kisanduku chenye giza totoro, chini ya kamera iliyopozwa sana ili iweze kunasa mwangaza hafifu mno usioonekana kwa macho. Kompyuta huubandika mwangaza huo juu ya picha ya kawaida ya panya: nyekundu penye mwangaza mwingi, buluu penye mchache. Ikumbukwe kwamba rangi hizo ni alama za kiasi tu, wala si rangi halisi ya mwangaza. Panya huamka, na kesho yake huweza kupigwa picha tena.

Manufaa yake yalidhihirika mwaka wa 2004, watafiti wa Stanford walipofuatilia seli shina za damu katika panya ambao uboho wao ulikuwa umeangamizwa kwa mnururisho. Vituo vya mwangaza vilizuka katika mifupa na katika wengu. Baadhi vilitanuka na kusambaza seli kwingine, vingine vilififia, yote haya ndani ya panya yule yule. Laiti panya hao wangepasuliwa siku moja tu, safari hiyo isingejulikana.

Mipaka ya mbinu

Wahenga walisema, pafukapo moshi pana moto. Penye mwangaza, basi, pana seli hai. Hata hivyo, kinyume chake si kweli daima. Jeni huweza kunyamazishwa ilhali seli yaishi, na lusiferini huweza kukosa kuifikia seli. Isitoshe, hemoglobini ya damu hufyonza mwangaza, hasa ule usio mwekundu. Kila sentimita ya tishu hupunguza mwangaza takriban mara kumi. Ndiyo maana mbinu hii hustawi kwa panya lakini haifai kwa mwili mkubwa wa binadamu.

Watafiti wamejitahidi kuusukuma mpaka huo. Mwaka wa 2018, kikundi cha Atsushi Miyawaki katika taasisi ya RIKEN, Japani, kilitangaza kimeng'enya na lusiferini vilivyoboreshwa, vilivyowezesha seli moja moja kuonekana katika mapafu ya panya.

Hitimisho

Mwangaza ukiongezeka, twajua kwamba seli zinaongezeka. Hatujui bado kama zimegeuka misuli ya moyo iliyokusudiwa au uvimbe wa saratani. Swali hilo lingali lahitaji hadubini. Mwangaza wa kimulimuli, basi, ni shahidi wa uhai wala si shahidi wa tiba, na anayesoma picha hizo hana budi kuitambua tofauti hiyo kabla hajampa mgonjwa matumaini.